Taarifa ya zamu: Namna ya kumwandikia ambaye hakuwepo

ZAMU inapobadilika, kinachobaki kazini si mtu bali ni maandishi. Aliyeusikiliza mtambo ukinguruma usiku kucha hupanda basi la kampuni kurudi Nakuru au Naivasha akalale, naye aliyelala huja kuushika mtambo huohuo bila kujua lolote, isipokuwa lile aliloambiwa mlangoni kwa haraka na lile lililoandikwa kitabuni.

Eneo la kati la Bonde la Ufa lina kazi nyingi za aina hii. Kuna visima vya mvuke vya Menengai na Olkaria, mashamba ya maua kandokando ya Ziwa Naivasha, wodi za hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru, madawati ya vituo vya polisi, na askari wa wanyamapori wanaozunguka mbuga ya Ziwa Nakuru. Kila mahali pana kitabu, fomu au, siku hizi, kundi la WhatsApp ambamo timu hutakiwa kueleza siku ilivyokuwa.

Kasoro ya taarifa nyingi huanzia katika jambo moja: huandikwa kwa ajili ya mkubwa, ili aone kwamba watu walifanya kazi, ilhali msomaji anayeihitaji zaidi ni mwenzao anayeingia baada yao. Mkubwa akisoma "kazi iliendelea vizuri" hutosheka. Anayeingia zamu haambulii kitu.

Tuchukue mfano wa kubuni, ambao wengi wataufananisha na yale waliyokwisha kusoma kazini mwao: "Kazi iliendelea vizuri. Pampu ilikuwa na shida kidogo lakini imeshughulikiwa. Kesho tutaendelea." Sentensi tatu, na kila moja inazua maswali. Pampu ipi, ikiwa ziko tatu? Shida gani? Neno "imeshughulikiwa" lina maana kwamba imetengenezwa, imezimwa, au fundi amepigiwa simu tu? Na hiyo "kesho" ni ya nani, ikiwa zamu inayofuata inaanza baada ya nusu saa?

Taarifa hiyohiyo ingeweza kuandikwa hivi: "Pampu nambari 2 ilizimwa saa 15:40 ilipoanza kuvuja kwenye kiungo cha bomba la kutolea maji. Valvu ya kuingizia maji imefungwa na maji hayapiti. Gasketi mpya haijafika. Pampu hii ISIWASHWE mpaka fundi wa mitambo atie saini kwenye kibali. Pampu 1 na 3 zinafanya kazi." Ni maneno machache zaidi ya arobaini, lakini anayeingia sasa anajua kilichotokea, hali iliyopo, kinachosubiriwa na asichopaswa kugusa.

Pampu haikuchaguliwa kwa bahati. Usiku wa Julai 6, 1988, kwenye jukwaa la mafuta na gesi la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, nje ya pwani ya Scotland, pampu moja kati ya mbili zilizofanya kazi kwa kupokezana ilikuwa imesimamishwa kwa matengenezo. Mafundi wa mchana walikuwa wameondoa valvu yake ya usalama, na tundu lililobaki lilizibwa kwa kifuniko cha muda. Zamu ilibadilika bila habari hiyo kuwafikia wale wa usiku. Pampu ya pili ilipozimika mwendo wa saa nne kasorobo usiku, waliokuwa zamuni waliona kibali cha kazi nyingine ambayo haikuwa imeanza, wakaamini pampu ya kwanza ni salama, wakaiwasha. Gesi ilivuja na kulipuka. Watu 167 walifariki. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Cullen, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka 1990, ulitaja udhaifu katika mfumo wa vibali na katika kupokezana zamu miongoni mwa mambo yaliyohitaji kurekebishwa. Karatasi iliyoeleza habari za valvu ilikuwepo jukwaani, ila haikumfikia aliyeihitaji.

Kisima hakilali

Si lazima kwenda baharini kuona uzito wa jambo hili. Kampuni ya serikali ya GDC ilianza kuchimba visima ndani ya kasoko ya Menengai, kaskazini mwa Nakuru, mwaka 2011, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 unaotumia mvuke wa huko ulianza kuzalisha umeme mwaka 2023. Olkaria ni kongwe zaidi: uchimbaji wa majaribio ulianza mwaka 1956, na kitengo cha kwanza cha megawati 15 kikawashwa mwaka 1981. Pote pawili kisima huchimbwa usiku na mchana. Mtambo wa kuchimbia hugharimu fedha nyingi kila saa upitayo, uwe unachimba au umesimama, na mabomba yanayoachwa tuli kisimani bila mzunguko wa maji yanaweza kukwama.

Taarifa ya siku ya uchimbaji ina mambo yake ya lazima: kina kilichofikiwa, aina ya keekee na muda wake kazini, mabomba yaliyoshushwa, saruji iliyomiminwa, maji na dizeli iliyotumika, pamoja na saa zilizopotea na sababu yake. Lakini jambo linalowatesa wasomaji wa taarifa hizo ni dogo kuliko hayo yote. Ni nafasi iliyoachwa tupu.

Mwanajiolojia hutegemea vipande vya mwamba vinavyoletwa juu na maji au tope la kuchimbia. Maji hayo yakipotelea kwenye nyufa za mwamba yasirudi juu, vipande navyo haviji. Sasa ikiwa safu ya sampuli kati ya kina fulani na kingine haina kitu, anayesoma ataelewa nini? Je, maji hayakurudi, jambo ambalo ni habari njema kwa sababu nyufa ndizo njia za mvuke? Au mtu alikwenda kunywa chai? Kuandika "maji hayakurudi, hakuna sampuli" ni kazi ya sekunde tano. Kukisia baada ya mwezi mmoja, kisima kinapoanza kupimwa, ni kazi ya watu kadhaa kwa siku kadhaa, tena bila hakika.

Menengai ina sababu nyingine ya kutaka uangalifu. Visima kadhaa vilivyopita kina cha mita 2,000 vilitoa vipande vya kioo cha volkeno, ishara kwamba keekee imegusa au imekaribia magma yenyewe. Anayeshika usukani baada ya mabadiliko ya namna hiyo hastahili kupewa maneno "mwamba umebadilika kidogo". Anahitaji kujua ni kwenye mita ngapi, saa ngapi, kasi ya kuchimba ilipanda au ilishuka, na nini hasa kilichoonekana kwenye chujio.

Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu

Hapa pana mtego ambao vitabu vya kigeni vya uandishi wa ripoti haviutaji, maana haviujui. Mfanyakazi wa Gilgil au Molo husema "saa mbili" akikusudia saa mbili baada ya jua kuchomoza, lakini fomu iliyoletwa na kampuni imechapishwa kwa Kiingereza. Akiandika "2" bila kitu kingine, huenda anakusudia saa mbili asubuhi, saa mbili usiku, saa nane mchana au saa nane usiku. Dawa iliyotulia usiku mmoja kwenye jedwali la muuguzi yaweza kurudiwa kwa sababu ya tarakimu hiyo moja. Timu yoyote yenye zamu ingefaa ikubaliane kuandika kwa mtindo wa saa 24, yaani 08:00 au 20:00, na kuachia saa ya Kiswahili mazungumzo, ambako haina matata.

Tarehe nazo zina ujanja wake. Zamu ya usiku huanza siku moja na kumalizika siku nyingine, na kwa desturi ya Waswahili usiku huhesabiwa pamoja na siku inayofuata, si ile iliyotangulia. "Usiku wa Jumatano" kwa hiyo husomwa kwa namna mbili. Vyumba vya habari vimelitatua jambo hilo zamani kwa maneno "usiku wa kuamkia Alhamisi". Kwenye kitabu cha zamu, tarehe mbili zikiandikwa kichwani mwa ukurasa zinatosha. Maneno kama "jana", "juzi" na "kesho" yasiandikwe kabisa. Yana maana siku ile tu, ilhali kitabu husomwa hata baada ya miaka.

Ilifungwa au imefungwa?

Sarufi ya Kiswahili humsaidia sana mwandishi wa taarifa, akiitumia. "Valvu ilifungwa" hueleza kilichotendeka wakati fulani, wala haiahidi kwamba bado imefungwa. "Valvu imefungwa" hueleza hali iliyopo wakati wa kuandika. "Ilikuwa imefungwa" ni kauli ya yule aliyeikuta hivyo, bila kujua nani aliyeifunga. Tofauti ya -li- na -me- ambayo wanafunzi huiona kama adhabu ya mwalimu ndiyo inayomwambia fundi kama atie mkono au asitie.

Kitenzi chenyewe nacho ni cha kuangaliwa. Kufunga mlango ni kuuziba; kufunga taa ni kuiweka mahali pake ifanye kazi. Kwa hiyo "fundi amefunga bomba" laweza kuwa na maana kwamba maji yamezuiwa, au kwamba bomba jipya limeunganishwa na maji yanapita. Msomaji aliyekuwepo hataona shida yoyote. Aliyeingia sasa hivi ataona, tena huenda akaona baadaye mno. Ndiyo maana katika mfano wa pampu hapo juu maneno "maji hayapiti" yaliongezwa, ingawa yanaonekana kama marudio.

Kauli ya kutendwa huficha mtenda. "Iliamuliwa", "ilikubaliwa", "iliagizwa" ni maneno yanayopendwa na maofisa, na pengine yana adabu yake mikutanoni. Kwenye taarifa ya kazi yanamwacha msomaji bila mtu wa kumuuliza.

Kilichoonekana na kilichodhaniwa

Maeneo ya mvuke yana gesi ya haidrojeni salfaidi, ile inayonuka kama mayai viza. Kila mgeni wa Olkaria huisikia. Hatari yake ni kwamba ikizidi kiwango fulani hewani huua uwezo wa pua kunusa, na mtu akafikiri imeondoka kumbe imeongezeka. Kwa hiyo "harufu imeisha" si taarifa kwamba gesi imeisha. Taarifa ni kwamba saa 03:10, kando ya kisima, kipimo kilionyesha kiasi fulani. Na ikiwa hakuna kipimo kilichotumika, hilo nalo liandikwe. Aliyenusa aandike kwamba alinusa. Aliyedhani aandike kwamba alidhani. Hakuna anayekatazwa kutoa maoni yake, mradi yasivae mavazi ya ushahidi.

Mkasa wa Mai Mahiu unaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyochanganyika. Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yenye matope na mawe yaliporomoka kutoka upande wa Kijabe, yakafagia nyumba na kuua makumi ya watu. Habari za kwanza zilisema Bwawa la Old Kijabe limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ilieleza kwamba chanzo hakikuwa bwawa, bali ni njia ya mto ipitayo chini ya reli, iliyokuwa imezibwa na takataka na magogo hadi maji yakajikusanya na kuibomoa. Walioyaona maji usiku ule waliyaona kweli. Neno "bwawa" liliongezwa na akili, ambayo haipendi tukio lisilo na sababu. Kwa mwokoaji aliyepaswa kuamua atafute hatari nyingine wapi, bwawa na tundu la reli ni mahali pawili tofauti.

Ziwa Nakuru limefundisha somo linalokaribiana na hilo polepole zaidi. Tangu miaka ya mwanzoni mwa 2010 maji yake yamepanda, yakameza lango kuu la zamani la mbuga na kufikia makazi ya Mwariki. Askari anayeandika kila siku "maji yameongezeka" hajasema uongo, lakini kurasa mia moja za namna hiyo hazionyeshi kama yameongezeka kwa sentimita mbili au kwa mita nzima. Namba iliyosomwa kwenye kigingi kilekile, saa ileile, hata siku ambazo haikubadilika, ndiyo inayoweza kuchorwa ikaonekana.

Mashamba ya maua ya Naivasha yamezoea kuhesabu, kwa kuwa soko linawadai. Mkaguzi wa wadudu hupita kitalu kwa kitalu ndani ya vivungulio, yale mabanda makubwa ya plastiki, akiandika mimea mingapi imekaguliwa, mingapi ina utitiri mwekundu na iko upande gani. Umoja wa Ulaya ulipokaza masharti ya waridi kuanzia Aprili 2025 kwa sababu ya nondo Thaumatotibia leucotreta, kumbukumbu hizo zilizidi kuwa sehemu ya safari ya ua hadi sokoni, na Shirika la KEPHIS huzitazama. Lakini katika kivungulio mstari wenye uzito kuliko yote hauhusu ua. Ni ule unaosema dawa gani ilinyunyiziwa, ilimalizika saa ngapi, na saa ngapi watu wanaruhusiwa kuingia. "Kivungulio nambari 7 kimepigwa dawa" bila saa ni mwaliko kwa wavunaji wa asubuhi, wengi wao wakiwa akina mama, kuingia kabla ya wakati uliotajwa kwenye kibandiko cha dawa.

Lugha ya mkono na lugha ya karatasi

Katiba ya mwaka 2010 ilifanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini fomu nyingi za kazi zingali za Kiingereza kitupu. Timu yenye Mkikuyu, Mkalenjin, Mluhya, Mjaluo na Mturkana hufanya kazi kutwa kwa Kiswahili, kisha jioni mmoja wao huinama kutafuta Kiingereza cha kuandika. Huandika kile anachokimudu, wala si kile anachokijua. Fundi anayeweza kueleza kwa Kiswahili, kwa dakika tano, jinsi fani ilivyoanza kutikisika, ikapata joto, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, huishia kuandika maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "fani mbovu". Ni hasara isiyo na sababu. Makao makuu yakihitaji Kiingereza, kuna watu ofisini wa kutafsiri. Ofisini hakuna aliyeiona fani ile.

Kuna pia woga. Mahali ambapo msimamizi huanza kusoma taarifa kwa kuuliza "nani alifanya hivi?", watu hujifunza haraka kuandika "hakuna tukio". Spana iliyoponyoka kutoka juu na kuanguka hatua moja kutoka kwa mtu haiingii kitabuni kwa sababu haikumpiga. Wiki ijayo itaponyoka nyingine. Msimamizi anayetaka kujua habari za spana ya kwanza hana budi kuuliza swali jingine kabla ya lile la nani, nalo ni: ilikuwaje? Wafanyakazi hawatamwamini siku ya kwanza, na wana haki.

Vituo vya polisi, pamoja na lawama zote ambazo umma huvipa, vina desturi moja ya kuigwa. Kitabu cha matukio, maarufu kama OB, hupewa namba kwa mfululizo, na kila maelezo huwa na tarehe na saa yake. Mwananchi huondoka na namba yake, na anaweza kurudi nayo. Taarifa ya WhatsApp haina adabu hiyo. Hutumwa saa moja usiku, ikafuatwa na "asante sana", "kazi nzuri", picha ya keki ya siku ya kuzaliwa na ujumbe wa sauti wa dakika nne ambao hakuna anayeusikiliza hadi mwisho. Kufikia asubuhi pampu nambari 2 imezama. Timu zinazolazimika kutumia simu huweza kufungua kundi la taarifa peke yake, lisilo na shukrani wala dua, na kumpa mtu mmoja jukumu la kunakili taarifa kitabuni kila zamu inapokwisha.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, mfanyakazi anapofariki kutokana na ajali kazini, kumjulisha ofisa wa usalama wa eneo hilo katika muda wa saa 24, na kumpelekea taarifa ya maandishi katika muda wa siku saba. Ofisa huyo akifika Menengai, Naivasha au Nakuru mjini, miongoni mwa vitu vya kwanza anavyoweza kuomba ni kitabu cha zamu: si ukurasa wa siku ya ajali pekee, bali na ule wa siku iliyotangulia.